Kisa cha akina mama wa Songea: Mtwara kuna nini korosho zikiisha?

Mei ilipokuwa inaelekea ukingoni, kikoba kimoja, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, cha akina mama wa Songea kilikubaliana kwamba faida ya mwaka isigawanywe yote. Sehemu ikawekwa kando kwa ajili ya safari. Wanachama ni 26. Wengi wana vibanda sokoni, wachache ni walimu wastaafu, na zaidi ya nusu walikuwa hawajaiona bahari kwa macho yao. Kikaoni ilitajwa Dar es Salaam, ikakataliwa kwa sababu mbili: gharama, na kwamba Dar kila mtu ana ndugu ambaye asipokwenda kumsalimia patakuwa na maneno. Ikapita Mtwara.

Walikodi Coaster. Njia ni Namtumbo, Tunduru, Mangaka, Masasi, halafu kushuka pwani, zaidi ya kilomita 600. Zamani kipande cha Tunduru kwenda Mangaka kilikuwa kinawatoa madereva jasho, leo ni lami. Walipanga kuwa mjini kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana.

Mwenyeji wao hakuwa kampuni wala wakala. Mmoja wa wanakikoba ana binti anayefundisha shule ya msingi Mtwara, mama akampigia simu. "Mwanangu, tunakuja huko kuiangalia bahari. Tutafutie pa kulala na pa kutembea." Binti akajibu kama mtoto yeyote angemjibu mama yake: "Haya mama, hamna shida." Shida zikaanza hapo.

Kisa hiki nimekipata kwa mwalimu mwenyewe, kwa dereva na kwa baadhi ya akina mama, na majina yao nayaacha. Nimekiandika kwa sababu kila panapozungumzwa utalii wa Mtwara, anayezungumziwa ni Mzungu mwenye mkoba mgongoni au mwekezaji mwenye mpango wa hoteli ya kitalii. Kikoba cha Songea hakimo kwenye hesabu. Na kusema kweli, kwa mwezi wa Mei, watu wa namna hiyo ndio wageni tulio nao.

Nianze na malazi, maana hapo hapakuwa na tatizo, na sababu ya kutokuwapo tatizo ina somo lake. Mwalimu alipiga simu gesti kadhaa, zote zikamwambia njoo. Vyumba 13, kila kimoja watu wawili, shilingi 25,000 kwa usiku mmoja. Akaomba apunguziwe, wakampunguzia hadi 20,000 bila hata kubishana sana. Mwenye gesti mmoja alimwambia wazi kwamba kwa mwezi huo yeye anashukuru kupata hela ya umeme.

Mtwara ina vyumba vingi kuliko wageni wake wa kawaida, na havikujengwa kwa ajili yao. Kuanzia mwaka 2012 hivi, gesi asilia ilipokuwa gumzo, nyumba za wageni zilichipuka Shangani, Bima, Chuno na kando ya barabara kuu. Kila mwenye kiwanja alikuwa akimsubiri mhandisi wa gesi alipe kwa dola. Mwaka 2013 mji ukaingia kwenye vurugu juu ya bomba la gesi, mwaka 2015 bomba likaanza kupeleka gesi Dar es Salaam, na wahandisi wale hawakuja kwa wingi uliotarajiwa. Lindi nako mradi wa kusindika gesi wa Likong'o umezungumzwa zaidi ya miaka kumi, na viwanja vilinunuliwa kwa matumaini hayohayo. Majengo yakabaki.

Kinachoyashikilia majengo hayo ni korosho. Minada ikifunguliwa mwezi wa Oktoba, mji unageuka. Wanunuzi wanaingia, madereva wa malori wanajipanga kuelekea maghalani na bandarini, mawakala, makarani wa vyama vya ushirika, watu wa benki, wauza simu, wauza pikipiki, wanamuziki. Chumba cha 25,000 kinapanda, na bado hukipati. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza mwaka 2007, ambao korosho hukusanywa maghalani na kuuzwa kwa mnada, umeifanya fedha hiyo iingie kwa mafungu na kwa siku zinazojulikana, kwa hiyo hata mwenye baa anajua wiki gani aagize kreti za ziada. Msimu wa 2018 Serikali iliponunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo yakachelewa kuwafikia wakulima wengi, waliolia hawakuwa wakulima peke yao.

Sasa mtu anayepata faida yake ya mwaka ndani ya miezi mitatu, kwa wageni ambao wangelala hata kwenye korido, ana sababu gani ya kuhangaika na mgeni wa Mei? Hana. Mnunuzi wa korosho haulizi kuna nini cha kuona, anauliza kama maji yanatoka na kama gari litalala salama. Baada ya miaka mingi ya kumhudumia huyo, mji umezoea kudhani kila mgeni ni huyo. Mapokezi ya gesti waliyolala akina mama hapakuwa na karatasi hata moja inayosema kuna nini cha kutembelea, kwa lugha yoyote. Palikuwa na picha ya Makka, kalenda ya benki na bei za soda.

Jumamosi asubuhi wakaenda Msangamkuu.

Msangamkuu ni ng'ambo ya ghuba, kijiji chenye mchanga mweupe na minazi. Unavuka kwa kivuko, mwendo mfupi, nauli ndogo. Kwa watu wanaoiona bahari kwa mara ya kwanza, kuvuka kwenyewe ni tukio. Mmoja wa walimu wastaafu alishika chuma cha pembeni tangu kivuko kinang'oa nanga mpaka kinagusa mchanga, macho yamefumbwa, na wenzake wakamrekodi. Video hiyo ndiyo iliyosambaa zaidi kwenye kundi lao la WhatsApp.

Walifika ufukweni saa nne. Bahari haikuwepo.

Yaani ilikuwepo, lakini mbali. Mwezi ulikuwa umetimia, siku za bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kukupwa kupita kawaida, na mtu yeyote aliyekulia pwani anaijua saa yake: siku hizo maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa kabisa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti ya kujaa na kukupwa inaweza kufika mita tatu na zaidi, na ufukwe ulio tambarare hiyo ni safari ndefu ya tope, majani ya baharini na mawe. Mwalimu ni mzaliwa wa Songea. Anakaa Mtwara lakini si mtu wa bahari, na kule anakokwenda kuogelea sikukuu huwa anakwenda jioni. Mtu wa gesti hakumwambia kitu. Kivukoni hapakuwa na kibao cha saa za maji, ingawa watu wa chombo wanazijua kama wanavyoyajua majina ya watoto wao.

Akina mama wakasimama pale na mifuko yao. Walikuwa wamevaa nguo za kuogea ndani ya madera, wengine wamekuja na ndoo ndogo za kuchotea maji ya kupeleka nyumbani. Jua limeshakuwa kali na upepo wa kusi umeanza kurusha mchanga. Vivuli vilikuwa vya minazi, na kivuli cha mnazi kinahama kila dakika, tena ukikaa chini yake unakaa huku unaangalia juu.

Kilichoiokoa asubuhi ile hakikupangwa na mtu. Maji yakikupwa, wanawake wa pale wanatoka na fimbo na ndoo kwenda kwenye miamba kutafuta pweza na chaza. Mmoja, msichana wa miaka kama ishirini, alikuwa anapita karibu, na mama mmoja akamwita.

"Mwanangu, unatafuta nini humo?"

"Shikamoo mama. Pweza."

"Marahaba. Anauma?"

"Haumi. Anang'ang'ania tu."

Akawaonyesha. Alichomeka fimbo kwenye tundu la mwamba, akaizungusha taratibu, akangoja, akaivuta. Pweza akatoka amejisokota kwenye fimbo, mikono miwili imeshamshika msichana kifundo cha mkono, na ngozi yake ikabadilika rangi mbele ya macho yao, kutoka kahawia kuwa karibu nyeupe. Msichana akambandua mkono mmoja mmoja kama mtu anayebandua plasta, kila kinyonyeo kikitoa mlio mdogo, kisha akampiga juu ya jiwe mara nyingi ili alainike. Wakataka kujaribu wote. Kwa karibu saa mbili akina mama wa Songea walikuwa kwenye miamba, viatu vya plastiki miguuni, msichana akiwakataza kukanyaga wale wadudu wa miiba myeusi. Walipata pweza mmoja mdogo na kelele nyingi sana. Mwishoni wakamchangia msichana elfu kumi na kitu, akaona haya kuipokea.

Nilipowauliza baadaye safari ilikuwaje, walianza na pweza kabla ya kusema lolote juu ya kuogelea. Maji yaliyokupwa ni kivutio kamili, kipo kila mwezi wa mwaka, masika na kiangazi, na ratiba yake inatabirika kwa miaka ijayo yote. Kinachohitajika ni mtu kumwambia mgeni: saa nne njoo uone pweza, saa tisa njoo uogelee. Leo hakuna mwenye kazi hiyo. Msichana hakujua kwamba anachokifanya kinauzika, na wageni hawakujua kwamba kipo.

Halafu kuna choo. Watu 26, wengi wamepita miaka hamsini, tangu saa moja asubuhi. Kufika saa sita hali ilikuwa mbaya, na ufukweni hapakuwa na choo cha wageni. Mwalimu akakumbuka kwamba ana mwanafunzi ambaye bibi yake anaishi Msangamkuu. Akapiga simu kwa mzazi, mzazi akampigia bibi, bibi akafungua nyumba. Akina mama wakapanga foleni uani kwake, choo cha shimo kisafi, ndoo ya maji na kopo. Bibi alikataa katakata kupokea hela. Wakamwachia unga wa mahindi waliokuja nao toka Songea, maana hawakusafiri mikono mitupu, wakaachana kama ndugu.

Ni jambo zuri, na mtu anaweza kuliandika kama sifa ya ukarimu wetu. Mimi naliona pia kama kasoro ya mji. Bila mwanafunzi yule, wangefanya nini? Kubadilisha nguo nako ilikuwa hivyohivyo: maji yalipojaa saa tisa, walishikiana khanga wanne wanne kumzungushia anayevaa, kusi ikizipeperusha, na vijana wa kijijini wakiangalia upande mwingine kwa adabu ambayo nadhani haikuwa rahisi.

Waliogelea mpaka karibu saa kumi na moja. Kwa maelezo ya dereva, kuwatoa majini ilikuwa kazi kuliko kuwatoa Songea.

Jumapili nitaipita haraka hadi Mikindani. Misa asubuhi, kisha sokoni: korosho za kukaanga, dagaa, khanga, ming'oko ya kuchemsha ambayo nusu yao waliipenda na nusu wakasema ni mizizi tu. Walitaka pia kinyago cha kupeleka kwa mlezi wa kikoba. Hawakukipata cha kuwaridhisha. Hapa ni nyumbani kwa Wamakonde, mpingo unakua katika misitu ya Kusini hii hii, na vinyago vya Kimakonde vimefika makumbusho ya Ulaya na Marekani, lakini mgeni anayetaka kuchagua kwa nafasi ataelekezwa Mwenge, Dar es Salaam. Wachongaji wengi walihamia huko miaka mingi iliyopita wakifuata wanunuzi, na huwezi kuwalaumu. Lindi wana kisa kinachofanana: mifupa ya mjusi mkubwa iliyochimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913, kwa jasho la mamia ya wachimbaji na wapagazi wa huko, imesimama Berlin ikiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu.

Mikindani iko kama kilomita 10 kutoka mjini, kwenye barabara hiyohiyo ya kurudia Masasi, kwa hiyo waliipanga kama kituo cha saa moja njiani. Ni mji wa Waswahili wa zamani, umeizunguka ghuba yake kama kiganja, nyumba za mawe zenye milango ya nakshi, nyingine zimekarabatiwa, nyingine mti umeota ukutani. Juu kidogo iko boma ya Wajerumani ya mwaka 1895, iliyokuwa imechakaa kabla ya shirika la hisani la Uingereza kuikarabati ikawa hoteli. Kuna nyumba yenye kibao cha David Livingstone, ambaye alipita hapa mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho ya bara.

Akina mama waliteremka, na katibu wa kikoba, aliyekwisha kuandaa noti mkononi, akauliza swali ambalo mimi naliona ndilo kiini cha kisa kizima: "Kiingilio kinalipwa wapi?"

Swali hilo lina chanzo chake. Songea kuna Makumbusho ya Majimaji, yenye lango, kiingilio, mtu wa kukuzungusha, na kaburi la mashujaa walionyongwa na Wajerumani Februari 27, 1906. Kila Februari kuna maadhimisho, mji mzima unajua. Kwa mwanamke wa Songea, mahali pa historia ni mahali unapolipa, unaelezwa, unatia sahihi kitabu. Hapa alitaka kulipa na hakumwona wa kumlipa. Watoto walimwambia "pita tu mama". Wakapita tu.

Mzee mmoja barazani, baada ya kuamkiwa vizuri, aliwasimulia habari za Livingstone na za biashara ya watumwa. Alisimulia vizuri. Ila muda ulikuwa unakwisha, na walioketi nyuma hawakusikia. Ningependa wangepata na sehemu ya pili. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kwenye nchi ambayo leo ni Zambia, walioubeba mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo waliongozwa na Chuma na Susi. Chuma alikuwa Myao. Misafara ya pembe na watumwa iliyoishia kwenye bandari kama hii ilitoka upande wa Nyasa na kukatiza nchi za Ruvuma, yaani njia ambayo Coaster yao ilikuwa imepita juzi yake. Kwa wageni wa Songea na Tunduru, Mikindani ni mwisho wa barabara inayoanzia kwao. Mzungu mwenye kibao mlangoni ni sehemu ndogo ya habari hiyo, na kuwasimulia hivyo hakuhitaji jengo jipya.

Saa nane wakaondoka, kwenda kulala Masasi.

Tuziangalie fedha. Vyumba 13 kwa usiku mbili kwa 20,000 ni shilingi 520,000. Ongeza chakula, manunuzi ya sokoni, mafuta ya gari. Mtwara ilipata hela yake. Lakini kwenye vivutio vyenyewe, yaani bahari, pweza na Mikindani, ukiondoa nauli ya kivuko na mchango wa msichana, hawakuacha hata shilingi mia, na si kwa ubahili. Katibu alikuwa na bajeti ya viingilio na akarudi nayo.

Kuna msemo wa baraza za mjini kwamba Mtwara haina vivutio. Sikubaliani nao, na kisa hiki ni ushahidi tosha. Chukua mwaka mzima. Januari hadi Machi kaskazi inavuma, bahari ni tulivu na ya joto, ingawa mvua zipo. Kuanzia Mei joto linapungua, kusi inashika, hali ya hewa ni nzuri kwa kutembea hata kama bahari ina mawimbi. Kati ya Julai na Novemba nyangumi wanapita pwani hii, na watu wa boti wa Mikindani wanawajua. Kuelekea mwisho wa mwaka kuna mabibo, kuna embe, kuna pilikapilika za korosho zenyewe, ambazo kwa mtu wa Songea au Dodoma ni kitu cha kuona. Desemba huwa kuna tamasha ufukweni Msangamkuu. Limekuwapo na tamasha la MaKuYa la ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao. Timu ikiwa na mechi, Uwanja wa Nangwanda Sijaona ni burudani tosha. Kwa mwenye siku ya ziada kuna Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Akina mama waliiacha kwa sababu dereva aliogopa mchanga.

Kwa hiyo vitu vipo, na vipo mwaka mzima. Shida ni kwamba vimefungwa kwa kufuli ya kumjua mtu. Ukimjua mtu, Mtwara inafunguka: choo kinapatikana, boti inapatikana, mzee wa kusimulia anapatikana, pweza anapatikana. Usipomjua, ni mji wa kulala na kuondoka. Mwalimu alikuwa ufunguo kwa yale aliyoyajua, na kila alipoishia yeye kujua, ziara nayo ilikwama. Hakujua saa za maji, wakapoteza bahari ya asubuhi. Hakumjua mtu Mikindani, wakapita tu.

Utaratibu huu una uzuri wake, na si kila mtu angependa uondoke. Mgeni anayeingia kwa kujuana anapokelewa kama ndugu, bei inakuwa ya ndugu, na lawama hazipo. Lakini unawaacha nje watu wengi ambao tayari wako mjini. Fikiria wanaouguza wagonjwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, wengine wiki mbili tatu. Watumishi wanaokuja semina na kukaa hotelini jioni wakitazama simu. Wazazi wa wanachuo siku za mahafali. Hawa wanakuja mwezi wowote, hawaangalii msimu wa korosho, na jioni hawana pa kwenda kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba leo saa kumi maji yanajaa.

Wakubwa wakiulizwa, jibu huwa ni kuutangaza mkoa. Mimi naona matangazo yatangoja. Ukimtangazia mtu wa Morogoro bahari ya Msangamkuu na akafika saa nne ya bamvua, akakosa maji, kivuli na choo, umelipa hela kumfundisha asirudi. Tena matangazo yote yanamlenga mtu wa Dar es Salaam, na barabara ya Dar haina dhamana. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara pale Somanga, magari ya Dar yalikwama. Barabara ya Songea ilibaki kuwa njia ya kuzungukia. Masasi, Tunduru, Songea, na ng'ambo ya Ruvuma kwa Wamsumbiji, huko kuna wageni wasioandikiwa barua na mtu.

La choo nalitaja peke yake kwa sababu ndilo gumu kuliko linavyoonekana. Wepesi wa kusema ni kwamba manispaa au halmashauri ijenge. Imewahi kujengwa sehemu nyingi nchini, na tunajua mwisho wake: Jumatatu hadi Alhamisi watumiaji ni wachache, mapato ya mia mbili mia mbili hayamlipi mlinzi, mlinzi anaondoka, mlango unavunjwa. Choo cha stendi kinajilipa kwa sababu watu hawaishi kupita. Choo cha ufukweni hakiwezi kujitegemea, kinahitaji kukaa mgongoni mwa biashara nyingine. Mama lishe mwenye kibanda pale akikopeshwa vifaa vya kujenga choo na chumba cha kubadilishia nguo, akatoza 300 kwa asiyekula kwake na bure kwa anayekula, atakilinda kwa sababu kinamletea wateja wa wali. Mikopo ya halmashauri ya vikundi vya wanawake na vijana ipo. Kikundi cha usimamizi wa fukwe kinaweza kusimamia bei na usafi.

Saa za maji hazihitaji hata mkopo. Jedwali la mwaka linapatikana bandarini, Mtwara ina bandari yenye kina tangu enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, na hakuna meli inayoingia pale bila kulijua. Ubao, chaki, na mtu mmoja kivukoni wa kuandika kila asubuhi: leo yanajaa saa fulani, yanakupwa saa fulani. Kila siku inayofuata saa zinasogea kwa dakika 50 hivi, hata mtoto wa darasa la tano angelifanya zoezi hilo. Chini ya ubao huohuo iandikwe namba ya simu ya mtu wa boti, ya mtu wa kuzungusha Mikindani, na bei zao. Bei iliyoandikwa inamsaidia mgeni asiyejuana, na inamsaidia pia msichana wa pweza asione haya kupokea hela ya kazi yake.

Nimemuuliza mwalimu kama angependa kuifanya kazi hiyo. Alicheka. Alisema wiki mbili baada ya ziara kundi jingine, la Tunduru safari hii, lilimpigia simu kwamba wamepewa namba yake na watu wa Songea. Walitaka kuja Oktoba baada ya mauzo ya korosho zao. Akaulizia gesti ileile, akaambiwa Oktoba bei ya 20,000 asiitaje, na vyumba 13 kwa mpigo visahau. Akawashauri waje Agosti, mwezi ukitimia, wafike ufukweni saa nne. Safari hii amewaambia kabisa kwamba msichana wa pweza analipwa 2,000 kwa kila kichwa, na yeye mwenyewe atachukua vocha.